Buti Ambazo Hazikuchakaa

Kabla hujaniuliza chochote kuhusu mguu wa mtoto, nipe kiatu chake nikigeuze. Hilo ndilo jambo la kwanza nililotaka kuwaambia, na kama mna haraka ya kurudi kwenye simu zenu mnaweza kuondoka na hilo tu. Mliobaki, vuteni viti.

Mimi ni fundi Otieno. Nimeshona viatu vya hospitali hapa Kericho kwa zaidi ya miaka thelathini, katika karakana ndogo nyuma ya wodi, ukuta mmoja na chumba cha kufulia mashuka. Viatu vyangu havikuwa vya dukani. Vilikuwa vya miguu ambayo duka halina habari nayo: uliopinda, mfupi kuliko mwenzake, au uliokatwa vidole. Mwaka jana nilistaafu. Sasa naishi Kapsoit, nina meza yangu barazani, na wateja wangu wengi ni watu wanaotaka kubandikiwa soli za viatu vya kanisani.

Mwalimu wenu ndiye aliyenitafuta. Alisema, "Mzee, vijana wangu wanaosomea kazi yako wanajua kupima mguu kwa kompyuta. Waandikie kosa lako moja." Nilimwambia makosa yangu ni mengi, kuchagua moja ni kama kuyaonea mengine. Lakini sikuwaza sana. Nimechagua la buti za Chelangat.

Kwanza niwaambie juu ya Mzee Rotich, maana bila yeye hamtaelewa kwa nini niliaibika kiasi kile.

Mzee Rotich alikuwa mkuu wa karakana nilipoanza. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, aliyekunywa chai ya maziwa tangu anafika hadi anafunga. Mwezi wangu wa kwanza hakunigusisha kisu. Aliniletea viatu vilivyokuja kurekebishwa, akavipanga mezani vikiwa vimelala chali, na kila asubuhi akaniuliza swali lile lile: "Huyu ni nani?" Nilitakiwa nisome soli na kumwambia mwenyewe anafanya kazi gani na anatembeaje. Gambuti za mchuna chai zinalika upande mmoja, kwa sababu mtu anasimama kwenye mteremko siku nzima. Mlinzi analika kisigino. Dereva analika kiatu cha kulia pale anapokanyaga mafuta.

Siku moja nilishika kiatu cheusi kilicholika pembeni, nikasema kwa sauti ya kujiamini, "Huyu ni nyanya, amechoka magoti, anakokota miguu." Mzee Rotich alitazama nyuma yangu. Mwenye kiatu alikuwa amesimama mlangoni na soksi moja mguuni, na alikuwa chifu. Alikuwa bado kijana, amenenepa vizuri. Nilitaka kuingia ndani ya pipa la vipande vya ngozi. Chifu akacheka, akasema, "Si amesema ukweli? Hata mke wangu ananiambia natembea kama kogo." Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis. Kutoka siku hiyo nilisoma soli kimya kimya.

Kwa hiyo nilifundishwa. Msije mkasema fundi Otieno hakujua.

Sasa tuje kwa watoto wenye hali ya Down. Nyinyi mmeshasoma kwamba wanazaliwa na kromosomu ya ziada, na mnaweza kuieleza kuliko mimi. Mimi niwaambie kile mikono yangu inajua. Ukishika mguu wa mtoto huyo unahisi ulaini. Viungo vyake vimelegea, kifundo kinacheza, na akisimama unyayo unalala chini wote kama chapati. Mguu ni mfupi na mpana mbele. Mara nyingi kidole gumba kimejitenga na cha pili, hata unaweza kupitisha kidole chako katikati. Kwa sababu ya ulegevu huo anachelewa kutembea, na akitembea anachoka mapema. Anapenda kukaa. Na mtoto anayekaa sana anazidi kulegea, na akizidi kulegea anazidi kukaa. Hapo ndipo kazi yetu inapoingia.

Duka la viatu halimjui mtoto huyu. Mama anaenda sokoni, anajaribu saizi ya mtoto, haiingii kwa upana. Anajaribu inayofuata, haiingii. Mwishowe anapata inayoingia kwa upana, lakini mbele imebaki nafasi ya kuweka yai. Muuzaji anamwambia, "Hiyo ni poa mama, atakua nayo." Huku kwetu kiatu cha mtoto lazima kiwe cha kukua nacho. Tunajaza gazeti mbele, tunafunga kamba, tunamsukuma mtoto aende. Halafu mtoto anajikwaa kwenye ile ncha tupu, anaogopa, anakaa, na watu wanasema ni ile hali yake. Mara ngapi nimetoa gazeti ndani ya kiatu kama hicho! Wakati mwingine ninasoma habari zake kabla sijalitupa.

Sisi mafundi wa zamani tulikuwa na jibu moja: mguu ukilegea, kaza kiatu. Tulishona buti ndefu za ngozi nene kupita kifundo, tukaweka bamba la chuma chini ya unyayo na ngozi ngumu kisigino. Zilikuwa kazi safi sana. Nilizipenda. Nilikuwa nikimaliza naziweka dirishani zipigwe na mwanga, ili anayepita kwenda kufua aone.

Kulikuwa pia na jambo lingine, na nitalisema kwa sababu nyote mtakutana nalo. Nilivaa koti la kijani la hospitali, na huku ukivaa koti ndani ya hospitali, wewe ni daktari. Wagonjwa waliniita daktari kutwa nzima. Mwaka wa kwanza niliwasahihisha. Mwaka wa pili niliacha. Kufika mwaka wa kumi nilikuwa nimeanza kuongea kama daktari: maneno machache, kidole juu, na kutazama pembeni kabla mtu hajamaliza kuuliza.

Chelangat aliletwa mwezi wa sita, akiwa mgongoni mwa mama yake. Alikuwa anakaribia miaka sita. Mama yake alikuwa mwanamke mwembamba wa kutoka ng'ambo ya Kapsoit, mwenye shamba dogo la chai na ng'ombe wawili, na tulimwita Mama Chelangat. Alimfungua mtoto, akamkalisha kwenye benchi, akanyoosha kiuno kwanza kabla ya kuongea.

"Chamgei, daktari," alinisalimu. "Nimetumwa hapa na madam wa mazoezi. Huyu mtoto anataka kuenda shule."

"Shule gani?"

"Ile iko na yuniti ya watoto kama hawa. Hedmasta amekubali, lakini amesema mwalimu ni mmoja na watoto ni wengi, hawezi kubeba mtu. Amesema January akuje, na atembee mwenyewe kutoka barabara mpaka darasa. Akibebwa, hapana. Angoje mwaka ingine."

"Na sasa anatembea?"

"Anatembea peku, kutoka jikoni mpaka kwa ng'ombe. Akifika anakaa chini. Hapo kwa shule kuna kilima."

Nilimuuliza kama kuna shule nyingine. Hakukuwa na nyingine aliyoweza kufika. Mwaka uliotangulia Chelangat alikuwa ameshaambiwa angoje, na mama alisema akiambiwa hivyo tena, mumewe atasema basi, abaki nyumbani na ng'ombe. Aliongea bila kulia. Alikuwa akiuliza tu kama kuna kiatu.

Kiatu kilikuwepo! Nilimpima Chelangat. Nilichora nyayo zake kwenye karatasi ya kaki, yeye akicheka kwa sababu penseli ilimtekenya, halafu akanyoosha mkono, akanipora penseli na kuanza kuchora mguu wangu. Nilishona wiki mbili. Zilikuwa buti nyekundu, ngozi ya kwanza, chuma chini, kamba matundu manane kila upande. Nawaambieni ukweli, sikuwahi kushona buti nzuri kama zile.

Siku ya kuzichukua nilimvalisha mwenyewe. Alisimama. Hakupinda hata kidogo. Mama alishika mdomo kwa mikono miwili, akasema, "Kongoi, daktari, kongoi mising," yaani asante sana. Na mimi nikainua kidole juu. Nikasema, "Mama, hii ni ngozi. Maji ni adui yake. Matope ni adui yake. Zitunze sana. Na asikanyage tena chini peku, miguu itaharibika." Halafu nikatazama pembeni.

Madam Chepkemoi hakuwepo siku hiyo. Yeye ndiye aliyekuwa fizio wetu, yule madam wa mazoezi, dada mmoja mrefu wa kutoka Bomet, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka bonde la pili. Siku za Alhamisi alienda kliniki za mbali. Angekuwepo, hadithi hii ingekuwa fupi.

Mwezi wa tisa Mama Chelangat alirudi kwa kliniki, mtoto mgongoni, buti nyekundu zikining'inia pande mbili za kiuno chake. Nilizitazama nikiwa mlangoni na moyo ukajaa. Zilikuwa zinang'aa. Hazikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Niliita watu. Nilimwita mpishi wa wodi, nikamwita dada wa kufua, nikawaambia, "Angalieni kazi. Miezi mitatu, na ni kama zimetoka mezani leo." Waliangalia, wakasifu. Madam Chepkemoi alikuwa amekaa kwenye mkeka wake wa mazoezi akijaza faili.

"Fundi," alisema, "hebu leta hiyo kiatu."

Nilimfungua mtoto moja nikampelekea. Hakutazama ngozi. Aliigeuza. Akanionyesha soli. Mistari yote niliyoichonga ilikuwa bado mikali. Alama ya chaki yangu, ile ya saizi, ilikuwa bado katikati ya unyayo. Chaki, jamani! Haikuwa imefutika.

"Huyu ni nani?" akaniuliza.

Hakuwahi kufanya kazi na Mzee Rotich, mzee alikuwa ameshastaafu alipokuja. Sijui alilitoa wapi swali lile. Labda mimi mwenyewe nilikuwa nimemsimulia siku nyingine nikijisifu. Nilisimama na kiatu mkononi, na jibu lilikuwa rahisi. Huyu ni mtu ambaye hatembei.

Madam alimgeukia mama. "Mama, anavaa saa ngapi hizi viatu?"

"Kila siku, madam. Asubuhi navalisha, jioni natoa, napaka mafuta, naweka kwa kartoni."

"Na anatembea nazo wapi?"

Mama alinitazama mimi, si Madam. "Si daktari alisema isiguse maji? Asubuhi nyasi iko na umande. Hiyo saa umande imekauka, mimi niko kwa chai, niko naye mgongo. Saa nane mvua inanyesha. Na nyinyi mnajua hii mvua yetu. Mimi nilitunza. Hata kanisa nilimbeba mpaka ndani."

"Na peku?"

"Daktari alikataza."

Madam alimwita Chelangat aende kwake. Mkeka ulikuwa hatua kumi hivi kutoka benchi. Mwezi wa sita angefika, labda kwa kuyumba. Siku ile alipiga hatua tatu ndani ya zile buti, akizinyanyua kama mtu anayetoka kwenye tope, halafu akakaa sakafuni, akatazama kamba zake na kuanza kulia.

Nimefiwa na wazazi wote wawili, na nimewahi kuunguliwa na nusu ya karakana. Lakini sikumbuki kuona aibu kama ile. Mama alikuwa amebeba mtoto wa miaka sita kwa miezi mitatu, kwenye milima ile, akiwa na kikapu cha chai mbele, ili viatu vyangu visichafuke. Mtoto alikuwa na safari yake moja ya kila siku, kutoka jikoni hadi kwa ng'ombe, na mimi nilikuwa nimeikata. Na mama alifikiri amefanya vizuri. Alikuwa bado ananingoja nimsifu.

Nilitaka kwenda kujificha kwa wenye kufua. Madam alisema kwa ile sauti yake, "Fundi, Jumamosi uko na kazi?" Nikasema sina. "Basi twende nyumbani kwa huyu mama. Leta tepu ya kupima."

Vijana, nendeni nyumbani kwa watu. Nilikuwa nimeshona viatu vya watoto kwa miaka mingi, na sikuwahi kuona ardhi ambayo viatu hivyo vilikanyaga. Boma la Mama Chelangat lilikuwa limekaa kwenye mteremko, chai juu na chini. Kutoka mlango wa nyumba hadi barabara kulikuwa na kijia chekundu cha udongo wa utelezi, mfereji wa kuvuka, na mizizi. Hakukuwa na mahali pa tambarare palipozidi ukubwa wa meza yangu. Buti zangu zilikuwa zimeshonwa kwa ajili ya sakafu ya hospitali.

Madam alimvua Chelangat buti na soksi. Mama akashtuka. Madam akamwambia, "Mimi ndiye nimesema." Mtoto alikaa dakika moja akivitazama vidole vyake kama watu ambao hajaonana nao siku nyingi. Halafu, kwa sababu majirani walikuwa wanashuka na vikapu kwenda senta ya kupimia majani, alisimama na kuanza kuwafuata. Aliyumba na mikono yake ikafunguka kama ya mtu anayevuka daraja, lakini alienda, na akafika mferejini kabla ya kukaa.

"Unaona?" Madam aliniambia. "Haogopi kutembea. Anaogopa buti."

Tulimfuata mama hadi senta, mtoto mgongoni mwake na buti mkononi mwangu. Kule kuna mizani ya kuning'iniza vikapu. Nilimwomba karani anipimie buti. Karani alinitazama, akatazama foleni ya wakulima, akazitundika. Mshale ulisogea karibu kilo nzima. Mzee mmoja kwenye foleni akasema, "Hiyo majani ni kali," na watu wakacheka sana. Mimi pia nilicheka, lakini kwa ndani nilikuwa nafikiria miguu myembamba ikinyanyua uzito ule kila hatua. Jaribuni nyinyi kufunga kikombe cha chuma kila kifundo mpande kilima.

Lakini nilichokiona senta ndicho kilichotuokoa. Chelangat alipapenda mahali pale. Alijua majina ya watu. Alitaka kikapu chake kitundikwe kama vya wengine. Mama alisema kila jioni huwa analia akiachwa nyumbani yeye akishuka senta. Madam akashika kiuno, akafikiri, halafu akasema, "Basi mazoezi ndiyo hii."

Yeye alikuwa na njia yake, na ninataka muikumbuke. Kwanza aliuliza kuhusu moyo, maana watoto wengi wenye hali hiyo wanazaliwa na tatizo la moyo. Mama akatoa kadi; daktari wa kweli alikuwa ameshampima na kusema hana shida. Aliuliza pia kuhusu shingo, ambayo nayo huwa imelegea, akaonya asipinduliwe kichwa chini miguu juu kwa mchezo. Halafu hakumwandikia mama zoezi hata moja la kulala kitandani na kunyoosha mguu mara kumi. Alimwandikia safari. Asubuhi, kupeleka chumvi kwa ng'ombe. Mchana, kufukuza kuku kwenye mahindi. Jioni, kushuka senta na kikapu kidogo chenye majani ya konzi mbili, leo hadi mferejini, wiki ijayo hadi kwenye mti, baadaye hadi kwenye mizani. Jumapili, kucheza kwaya akiwa amesimama. Akichoka, apumzike, lakini asibebwe. "Mama," alimwambia, "kukaa chini si dhambi. Akikaa, mngoje."

Mimi nilirudi karakana nikavua koti la kijani, nikalitundika msumarini. Nilishona viatu vingine nikiwa na shati tu.

Hivi ndivyo nilivyovishona, na hapa chukueni kalamu. Kisigino nilikishika imara, kwa sababu mguu uliolegea unahitaji kushikwa nyuma. Mbele nilipaacha papana, vidole vikae vinavyotaka, na urefu ukawa wa mguu wake na upana wa kidole kimoja tu cha nafasi. Soli ilikuwa ya raba nyepesi, nikaijaribu kwa mikono: ikunjike pale vidole vinapokunjika, isikunjike katikati. Chuma nilikitupa. Ndani nikaweka sponji ya kuinua unyayo kidogo, laini. Juu nikatumia turubai, ambalo linaoshwa na kukauka karibu na jiko. Kamba nilizitoa nikaweka velkro, ule utepe wa kubandika na kubandua, ili afunge mwenyewe.

Hata hapo nilikosea. Velkro niliiweka ivutwe kuelekea ndani, kama tunavyofanya kila siku. Chelangat alivuta nje. Tulibishana, mimi na yeye, kwenye benchi nusu saa. Mwishowe aliushika mkono wangu akauweka kwenye goti langu, maana yake niache, akavuta tena nje. Nikafumua, nikashona upya anavyotaka yeye. Alipofunga, ikashika. Akafungua, krrr. Akafunga. Akafungua, krrr. Alirudia hadi mpishi akaja kuuliza kuna nini.

Mama aliviinua viatu, akavipima kwa mkono. Uso wake haukuwa na furaha. Havikuwa vinang'aa, na turubai lilikuwa la kijivu. "Daktari, hizi nitatunza aje?"

"Mimi si daktari, mama. Mimi ni fundi. Na usizitunze. Zichafue."

"Zichafue?"

"Matope, umande, mavi ya ng'ombe. Ukirudi hapa na viatu safi nitakukasirikia."

"Na zikiharibika?"

"Lete nione zimeharibika wapi."

Sidhani aliniamini. Na kwa nini aniamini? Mtu yule yule, kwa mdomo ule ule, alikuwa amemwambia kinyume. Ilibaki miezi mitatu kufika January, na mtoto alikuwa nyuma ya pale tulipomkuta. Usiku na mchana nilihesabu wiki. Mama hakuwa na simu ya kuaminika, na kliniki ya mwezi wa kumi na moja hakuja. Madam alisema labda ni chai, msimu ulikuwa mzuri. Mimi nilisema moyoni kwamba ameshachoka na sisi.

Shule zikafunguliwa. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Niliwashonea watu wengine na nikawa mkali kwa kila mtu, hadi dada wa kufua akaniuliza kama jino linaniuma.

Mama Chelangat alikuja mwezi wa pili, siku ya Ijumaa, akiwa peke yake. Mgongo wake ulikuwa mtupu. Nilipomwona bila mtoto nilifikiri mabaya yote. Alikaa kwenye benchi, akatoa mfuko wa karatasi, na kabla sijauliza alianza kuomba msamaha.

"Fundi, pole sana. Mtoto ameharibu."

Nikafungua. Vilikuwa vile viatu vya kijivu, ambavyo sasa vilikuwa vyekundu kwa udongo hadi kwenye mshono. Kiatu cha kulia kilikuwa na shimo mbele la kutosha kidole gumba kutoka chote. Cha kushoto kilikuwa kimelika kisigino upande wa nje. Mistari ya soli haikuwepo, ilikuwa laini kama kiganja. Vilinuka ng'ombe.

Nilikaa chini. Nilimwambia, "Huyu ni mtu anayetembea sana. Anasukuma kwa mguu wa kulia. Anapanda kilima." Nilikuwa nalia, na sikujali kwamba mlango ulikuwa wazi.

Ndipo akanisimulia siku ya shule. Walishuka barabarani, hedmasta akiwa amesimama juu getini na mwalimu wa yuniti. Chelangat alianza kupanda. Nusu ya kilima akakaa chini. Mama aliinama amwinue, na mikono yake ilikuwa imeshafika makwapani mwa mtoto alipokumbuka sauti ya Madam: akikaa, mngoje. Akarudisha mikono. Hedmasta alikuwa anatazama. Mama alisema alihesabu magari matatu yakipita kule chini.

Chelangat alikuwa ameona velkro ya kushoto imelegea. Krrr, akafungua. Akaivuta nje, kwa upande wake, akaikaza. Akaipigapiga kwa kiganja. Halafu akasimama, akampita mama yake, akapanda hadi getini na kumpa hedmasta mkono.

Sasa mmejua kosa langu. Mkipenda mtalicheka, mimi mwenyewe huwa nalicheka. Zile buti nyekundu bado ninazo hapa Kapsoit, kwenye rafu juu ya meza. Wateja wanazisifu na kuniuliza kama naweza kuwashonea watoto wao za namna hiyo. Huwa nawaambia hapana.

Siku hizi Chelangat ni dada mkubwa. Alimaliza ile yuniti ya shule, anachuna chai na mama yake, na kwenye kwaya yeye ndiye wa mstari wa mbele. Kutoka kwao hadi barazani kwangu ni mwendo wa saa nzima kwa mguu, kilima na bonde. Jumamosi iliyopita nilisikia krrr nikiwa nimeinamia kazi. Nilipoinua kichwa alikuwa amekaa kwenye ngazi, peku, akinywa maji ya chupa, na jozi yake iko mezani kwangu.

"Otieno," alisema, "imeisha. Tengeneza ingine."

Nikaigeuza kabla sijamsalimu. Ilikuwa imeisha kabisa.